TSH yapanda, yashuka, nami nazidi kudhoofika: dawa ninayomeza inaenda wapi?

SWALI: Daktari, assalaam alaykum. Mimi ni mama wa miaka 43, nakaa Kisauni, kazi yangu ni kupika mahamri na mbaazi na kuuza asubuhi. Miaka kadhaa nyuma moyo ulikuwa ukinienda mbio, nikakonda, macho yakanitoka. Nikaambiwa ni ugonjwa wa Graves, tezi ya thairoidi ya shingoni inafanya kazi kupita kiasi. Nilitumia kabimazoli, dawa ya kuituliza tezi, mwaka na zaidi, nilipoacha ugonjwa ukarudi. Mwaka 2022 nikanyweshwa iodini ya mionzi Nairobi ili kuimaliza tezi. Baada ya miezi mambo yakageuka: TSH, kile kipimo cha damu cha thairoidi, ikawa 62, nikaambiwa tezi imekufa na nitameza levothairoksini, homoni ya thairoidi ya vidonge, maisha yangu yote. Septemba nilikuwa kwenye maikrogramu 100, TSH ikatoka 31, nikapandishwa 150. Januari ikatoka 0.1, nikashushwa hadi 75. Baada ya Idi nimepima tena ni 44, na sasa naambiwa nianze 200. Lakini mimi nazidi kuharibika. Uso umevimba, sauti imekuwa nzito, joto lote lile la kaskazi mimi nasikia baridi, choo kigumu, nasinzia nikiwa nakanda unga, wateja nawakosea chenji. Mikono inakufa ganzi usiku. Hedhi inakaa siku kumi. Nywele zimeisha. Macho yanakereketa kama yameingia mchanga, na asubuhi naona vitu viwili viwili. Uzani wangu kilo 78. Dawa ya thairoidi nameza alfajiri na chai nikiwasha jiko, pamoja na vidonge vya damu. Natumia pia omeprazoli ya vidonda vya tumbo, vidonge vya nywele alivyonitumia dadangu Desemba, na mwani, maana nimeambiwa una iodini. Ramadhani nilifunga, kwa hivyo dawa ya thairoidi sikumeza. Mama mkwe anasema haya si ya hospitali, nimetupiwa kitu. Je, nikubali hiyo 200? Au kuna ugonjwa mwingine hawajauona?

JIBU: Wa alaykum salaam, dada. Nakushukuru kwa kutaja dozi, mwezi na kipimo kwa mpangilio, maana sehemu kubwa ya jibu imo humo humo kwenye barua yako. Lakini kabla sijalifikia, kuna mambo mawili yasiyongoja zamu.

La kwanza ni huko kusinzia na unga mkononi, uso umevimba, TSH iko 44. Mtu ambaye tezi yake imekufa, akikaa wiki nyingi bila homoni ya kutosha, anaweza kuteremka polepole mpaka pabaya: mwili unapoa, mapigo ya moyo yanapungua, pumzi inakuwa fupi, maneno yanachanganyika, mwisho haamshiki. Hiyo huitwa koma ya miksidema. Si jambo la kila siku, ila likitokea huua, na ni rahisi lipite bila kutambuliwa, kwa kuwa nani anatarajia kumkuta mtu wa Mombasa mwili umepoa? Mara nyingi kinachomsukuma mgonjwa huko ni kitu cha pembeni: nimonia, maambukizi ya mkojo, upasuaji, au dawa ya usingizi aliyopewa kwa nia njema. Kwa hivyo usimeze dawa yoyote ya usingizi wala ya mafua inayolevya. Na waambie wa nyumbani kwamba siku wakikuona huamki sawasawa, unasema yasiyoeleweka au mwili umekuwa baridi, wasikuchemshie chai wakangoja kukuche. Wakupeleke dharura, iwe hospitali ya Coast General au kwengine kulipo karibu, na neno la kwanza mlangoni liwe: huyu hana tezi ya thairoidi, na TSH yake ilikuwa 44. Daktari wa zamu akilisikia hilo, atajua aanzie wapi. Hata bila dalili hizo, miadi ya mwezi ujao iko mbali mno. Nenda wiki hii.

La pili ni macho. Kuona viwili viwili asubuhi na kukereketa kama mchanga huenda ni ishara kwamba ugonjwa wa Graves umeamka kwenye macho, na watu wengi hawajui kuwa unaweza kuamka hata baada ya tezi yenyewe kumalizwa. Kinga ya mwili iliyoishambulia tezi yako hushambulia pia misuli na mafuta yaliyo nyuma ya jicho. Iodini ya mionzi yenyewe huweza kuyachochea macho kwa baadhi ya watu, kukaa na TSH ya juu kwa muda mrefu nako huchochea, na moshi wa sigara ndio adui mkubwa kuliko yote. Kama wewe huvuti lakini kuna anayevutia ndani ya nyumba, au kuna shisha sebuleni jioni, kuanzia leo iwe nje. Muone daktari wa macho, si duka la miwani. Mombasa tuna Lighthouse for Christ, na ng'ambo ya Likoni kuna Kwale Eye Centre. Mwambie kwa maneno haya haya kwamba una Graves na umeanza kuona viwili. Rangi zikianza kufifia, jicho likiuma kwa ndani au likikataa kufunga, nenda siku hiyo hiyo, kwa sababu hapo huenda mshipa wa kuonea umebanwa au kioo cha jicho kinakauka, na saa zina maana. Kwa sasa inua kichwa cha kitanda, na tumia machozi ya bandia kutoka kwa mwenye duka la dawa.

Sasa tuje kwenye hesabu.

TSH haitoki kwenye thairoidi. Inatoka kwenye tezi ndogo iliyo chini ya ubongo, na kazi yake ni kama ya msimamizi wa kibarua: kazi ikilala anapaza sauti, kazi ikizidi ananyamaza. Kawaida yake iko baina ya 0.4 na 4. Ikiwa 44, ubongo wako unapiga kelele kwamba homoni haionekani. Kwa hivyo mwili wako haudanganyi, na wewe hujipi ugonjwa. Uvimbe wa uso, sauti nzito, ganzi ya mikono (maji hukusanyika na kuubana mshipa wa fahamu kwenye kifundo cha mkono, na kukanda unga kunazidisha), choo kigumu, kusahau, hedhi isiyokatika, vyote vinaweza kutoka kwenye ukame huo mmoja.

Swali ni kwa nini homoni haionekani, na wewe unameza.

Mtu mzima ambaye tezi yake imemalizwa kabisa huhitaji takriban maikrogramu 1.6 za levothairoksini kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Kwa kilo zako 78, hiyo ni kama 125. Angalia basi: 75 uliyo nayo sasa ni ndogo, hata ungeimeza vizuri namna gani. Lakini 100, yenye TSH 31? Hiyo imepungua kidogo tu chini ya hesabu, na TSH 31 ni nyingi mno kwa upungufu huo. Na 200 ni zaidi ya kipimo chako kwa mbali. Mtu wa kilo 78 anapohitaji 200 ndipo TSH itulie, mimi huwa siulizi tena kuhusu tezi. Nauliza kuhusu tumbo, jikoni na saa.

Wewe umeshanijibu. Unameza alfajiri, na chai, pamoja na vidonge vya damu.

Levothairoksini ni dawa yenye madeko. Tumbo likiwa tupu na ukaimeza na maji matupu, mwili hufyonza kama asilimia 70 hadi 80 yake. Ukiimeza na chai ya maziwa, kalsiamu ya maziwa inaikamata. Ukiimeza na vidonge vya damu ni vibaya zaidi, kwa sababu madini ya chuma hushikana nayo ndani ya utumbo, vikatoka pamoja chooni. Kahawa nayo huizuia, hata kahawa tungu isiyo na tone la maziwa, kwa hivyo wale wazee wa barazani wenye thairoidi wasicheke. Omeprazoli inaingia kwa mlango mwengine: kidonge hiki kinahitaji asidi ya tumbo ili kiyeyuke sawasawa, na omeprazoli kazi yake ni kuipunguza hiyo asidi. Dawa za kiungulia za kutafuna zina kalsiamu, alumini au magnesi, nazo huzuia vilevile. Kwa hivyo kile kidonge cha 100 ulichomeza Septemba, sijui ni kiasi gani kilifika kwenye damu, na hata aliyekuandikia hakuwa na namna ya kujua kama hakuuliza.

Na hapa kuna mzunguko ambao nataka uuone, kwa sababu ndio unaokula nguvu zako. Homoni ikipungua, hedhi inazidi. Hedhi ikizidi, damu inapungua. Damu ikipungua unapewa vidonge vya madini ya chuma. Unavimeza pamoja na dawa ya thairoidi ili usisahau, vinaizuia, homoni inapungua zaidi, hedhi inazidi. Kila aliyekuandikia dawa alikuwa sahihi kwa upande wake. Aliyekosekana ni mtu wa kuvitazama vidonge vyote juu ya meza moja.

Matokeo ya Januari ndiyo yaliyonifanya nisome barua yako mara mbili. TSH 0.1 maana yake homoni imepita kiasi: moyo ungekwenda mbio, mikono ingetetemeka, choo kingelainika, usingizi ungekupaa. Husemi hata moja katika hayo; unasema umekuwa ukizidi kuharibika tu. Na Desemba ulianza vidonge vya nywele. Vingi katika vidonge hivyo vimejaa bayotini, maikrogramu 5,000 au hata 10,000 kwa kidonge kimoja, wakati mtu mzima anahitaji kama 30 tu kwa siku. Bayotini haimdhuru mtu, lakini mashine nyingi za maabara hutumia hiyo hiyo bayotini katika upimaji wa homoni. Ikiwa imejaa kwenye damu yako, mashine inachanganyikiwa: TSH inasomeka chini kuliko ilivyo na T4, yaani thairoksini, homoni yenyewe ya tezi, juu kuliko ilivyo. Karatasi inaonyesha mtu mwenye homoni nyingi, na aliyeketi kitini amevimba uso. Siwezi kuapa kwamba ndilo lililotokea, kwa kuwa 150 ikifika sawasawa kwenye mwili wako inaweza kweli kuishusha TSH namna hiyo. Lakini ikiwa hukupata hata mtetemo mmoja mwezi ule, mimi naishuku karatasi. Daktari aliyekushusha hadi 75 alifuata alichoandikiwa na maabara. Na kama hivyo vidonge bado unavimeza, basi jua kwamba hata hiyo 44 huenda imepunguzwa, na ya kweli iko juu zaidi.

Viache leo. Nywele zako hazikosi bayotini. Zinakosa thairoksini na damu.

Kisha ikaja Ramadhani. Levothairoksini hukaa sana mwilini, na hilo huwadanganya watu, maana ukiacha siku tatu nne huhisi lolote. Lakini kila wiki moja inayopita, nusu ya iliyobaki inaondoka. Mwisho wa wiki ya nne umebaki na sehemu kama moja ya 16. Ukiunganisha na ile 75 ambayo tayari ilikuwa ndogo, kipimo cha baada ya Idi kisingeweza kutoka vingine. Hiyo 44 ni hesabu ya mwezi mzima bila dawa, na haistahili kutumiwa kupanga dozi ya maisha.

Ndiyo maana nasema usianze 200 kabla ya mazungumzo. Nikueleze ubaya wake: dozi ikipandishwa ili kufidia chai na vidonge vya damu, inakuwa sawa maadamu unaendelea kuimeza vibaya. Siku utakayoanza kuimeza vizuri, 200 nzima inaingia, na baada ya wiki kadhaa moyo unaanza kuruka mapigo. Ikiendelea miezi na miaka, mifupa inalika. Unarudi hospitali, unashushwa, na ile bembea inaanza upya. Mwambie daktari wako wazi: nilikuwa nameza na chai na vidonge vya damu, Ramadhani niliacha kabisa, na nilikuwa kwenye vidonge vya nywele, je, twaweza kuanza na dozi ya uzani wangu, niimeze inavyotakiwa, tupime tena baada ya wiki sita hadi nane? Sidhani yuko daktari atakayekasirika kwa hilo. Asipopata habari hizo, yeye anapiga mshale gizani. Dozi usibadilishe mwenyewe, hata kwa kukata kidonge nusu, mpaka akuone, kwa sababu atataka kwanza kusikiliza moyo, na ukiwa na maumivu ya kifua ukipanda ngazi atakupandisha kwa hatua ndogo.

Kuhusu saa, nimefikiria kazi yako. Kumwambia mpika mahamri ameze dawa saa kumi alfajiri na akae saa nzima bila chai mbele ya karai la mafuta ni kumwekea sharti atakalolivunja wiki ya pili. Kwako wewe usiku ndio bora. Ukila chakula cha jioni saa mbili baada ya Isha, basi saa tano unapoingia kulala tumbo limeshapata saa tatu. Meza hapo na glasi ya maji, usitie kitu chengine mdomoni. Inafanya kazi vizuri kama ya asubuhi. Vidonge vya damu vihamishie mchana, saa saba au nane ukiwa umeshafunga biashara, na maji ya ndimu au chungwa badala ya chai, ili baina ya dawa hizi mbili zipite saa nne au zaidi. Ukilala umesahau, meza asubuhi mara unapoamka, chai isubiri kidogo siku hiyo moja.

Ramadhani ijayo mpango huo huo unasimama. Fungua, swali, kula, nenda tarawehe ukitaka, mradi uache saa tatu tangu chakula cha mwisho, umeze kabla ya kulala. Anayependa kula kula mpaka usiku wa manane, aamke nusu saa hadi saa nzima kabla ya daku, ameze na maji, kisha ndipo ale. Hakuna siku unapohitaji kuchagua baina ya funga na dawa hii. Lakini mwaka huu, TSH ikiwa 44, funga sita za Shawwal ziache, na siku zako za kadha, zile unazodaiwa, zisubiri mpaka upate nafuu. Muda upo hadi Ramadhani ijayo.

Hukusema dawa unaiweka wapi. Nauliza kwa sababu wapishi wengi huweka kila kitu jikoni, na kidonge hiki huharibiwa na joto, unyevu na mwanga. Maboksi mengi yameandikwa kisihifadhiwe kwenye joto la zaidi ya nyuzi 25, na Mombasa miezi ya kaskazi twapita 30 hata chumbani. Basi kiache ndani ya karatasi yake ya fedha, usikibandue na kukimimina kwenye kikopo; kiweke chumba chenye upepo, mbali na jiko, mbali na bafu na dirisha la jua. Nunua ya mwezi mmoja au miwili, si ya mwaka. Na ukizoea ya kampuni moja, shikilia hiyo hiyo; mwenye duka la dawa akikubadilishia, si vibaya, lakini upimwe tena baada ya wiki sita.

Mwani nitaupita haraka. Tezi yako imekufa. Iodini inapoingia haina mahali pa kufanyiwa kazi. Wewe hukuugua kwa kukosa iodini, ulishambuliwa na kinga ya mwili wako mwenyewe, na hata chumvi tunayonunua dukani, nyingi ikivunwa hapa hapa Gongoni na Marereni, kisheria hutiwa iodini. Kina mama wa Kibuyuni wanalima mwani mzuri na nawatakia soko, ila mwenye maradhi ya thairoidi ambaye tezi yake bado i hai asiule kama dawa: iodini ikizidi inaweza kuilaza tezi au kuiwasha, na huwezi kujua mapema itaelekea upande gani.

Sasa swali lako la pili, kama kuna ugonjwa mwingine. Linawezekana, na nisingependa kila kitu kibebeshwe thairoidi. Hedhi ya siku kumi ukiwa na miaka 43 inahitaji ultrasaundi ya kizazi, maana fibroidi, zile nyama zinazoota kwenye kizazi, haziombi ruhusa kwa TSH. Pima hemoglobini na feritini, yaani wingi wa damu na akiba ya madini ya chuma, kwa sababu upungufu wa madini ya chuma peke yake unachosha na kung'oa nywele. Pima vitamini B12, kwa kuwa watu wenye ugonjwa wa kinga kwenye tezi hupata mara nyingi kuliko wengine ugonjwa wa kinga kwenye ukuta wa tumbo, na hao B12 haiwaingii. Ukosefu wake huleta ganzi na kusahau. Vile vidonda vya tumbo navyo, je, vilipimwa, au umekuwa ukinunua omeprazoli tu? Omba kipimo cha choo cha bakteria Helicobacter pylori, na muulize mapema kama omeprazoli isimamishwe kwanza, kwani huweza kukificha. Bakteria huyo akiwepo huharibu ufyonzaji wa levothairoksini, na akitibiwa huenda ukaachana na omeprazoli kabisa. Sukari ipimwe pia. Na muulize mumeo kama unakoroma na kukatika pumzi usingizini, kwa maana hilo nalo huleta usingizi wa mchana.

Kuna kimoja ambacho nataka kifikiriwe kabla dozi haijapandishwa, ingawa sikuoni ukiwa na dalili zake: tezi za juu ya figo. Kinga inayoishambulia thairoidi mara chache huzishambulia na hizo. Kama umekuwa ukipata kizunguzungu ukisimama, kutapika, hamu isiyo ya kawaida ya chumvi, au vifundo vya vidole na ufizi vimekuwa vyeusi, mwambie daktari apime kwanza kotisoli, homoni ya tezi hizo, asubuhi. Kumpandisha thairoksini mtu ambaye tezi hizo zimeishiwa kunaweza kumwangusha vibaya.

Sauti nzito mara nyingi ni uvimbe wa nyuzi za sauti na hurudi TSH ikitulia. Ikibaki hivyo hivyo, au ukipapasa uvimbe mgumu shingoni, omba ultrasaundi ya shingo. Na kama bado unaweza kupata mimba, tumia uzazi wa mpango mpaka mambo yatulie. Mimba na TSH 44 ni hatari kwa mtoto. Hata baadaye, ukishika mimba umwambie daktari siku hiyo hiyo kwamba uliwahi kuwa na Graves, kwa sababu kingamwili zake huweza kubaki kwenye damu na kuvuka hadi kwa mtoto hata kama tezi yako haipo tena.

Mama mkwe usigombane naye. Mtu aliyekuwa mchangamfu akivimba uso, akabadilika sauti, akawa mzito wa kuzungumza na kulala ovyo, mzee aliyekulia hapa atasema alichofundishwa. Akikuletea kombe, yale maji ya aya zilizoandikwa, linywe mchana, na dawa ubaki nayo usiku na maji matupu. Mwonyeshe tu zile namba, 62 iliyoanza baada ya mionzi, 31, 44, na zitakaposhuka mwonyeshe tena. Ninachokataa ni kimoja: mtu yeyote, mganga au mwenye duka la dawa za asili, kukwambia uache levothairoksini ili dawa yake ifanye kazi. Mwili wako hautengenezi tena homoni hii. Habbat soda, asali na tangawizi si mbadala wake. Ukizipenda, zitumie na chakula.

Tarajia hivi. Ukianza kumeza vizuri leo, wiki ya pili au ya tatu choo ndicho hulainika kwanza, na baridi inapungua. Uvimbe wa uso huchukua mwezi na zaidi. Nywele ni za mwisho, miezi mitatu hadi sita, na zitaendelea kudondoka kidogo hata baada ya TSH kuwa nzuri, kwa hivyo usizifanye kipimo. Macho yana njia yake, hayatulii kwa TSH kushuka peke yake, ndiyo maana nimekutaka uende kwa wa macho sasa.

Kipimo kijacho kiwe baada ya wiki sita hadi nane za dozi moja isiyorukwa, asubuhi, kabla ya chochote. Omba TSH na T4 huru pamoja. Ikiwa umemeza hivi nilivyoeleza, hakuna chai, hakuna vidonge vya damu karibu, hakuna bayotini, na bado TSH iko juu kwenye dozi ya uzani wako, hapo ndipo daktari wa homoni atakupa dozi kubwa mbele yake na kupima T4 saa chache baadaye aone kama utumbo unaifyonza. Nenda na vidonge vyako vyote kwenye mfuko, hata vile vya nywele na mwani wenyewe, uvimwage mezani kabla hajakuuliza.